Shamba la Kijani la Rwezaura

Mwaka 1953, kwenye njia panda ya Kanoni, benchi la nje kwa fundi cherehani lilikuwa na wenyewe: Egbert, aliyeitwa Gazeti, Yustus, aliyeitwa Tarumbeta kwa kuwa alilipuliza kanisani kwa Walutheri, na Kahigi, waliyemwita Subira kwa sababu hakuwa nayo. Walikuwa wakitafuna kahawa kavu. Siku ya Pasaka mvua ilinyesha vizuri. Wiki tatu baadaye udongo ulikuwa umepasuka na migomba imekunja majani. Migomba ya jirani yao Rwezaura tu, pale juu kilimani, ilisimama kijani. Na kesho wageni walikuwa wanakuja kumposa Renatha, binti wa Kahigi, naye Kahigi hakuwa na mkungu hata mmoja wa kuwapikia. Xaveria, mkewe, alimwambia aende kwa Rwezaura akaombe. Kahigi akaja benchini badala yake.

— Rwezaura amefunga mvua, alisema Kahigi.

— Aifunge, halafu imnyeshee yeye peke yake? alicheka Yustus. Hapana, bwana. Anamwagia migomba maziwa kila alfajiri.

— Maziwa! Ng'ombe wake wamekauka kama wewe, alisema Egbert. Amechimba handaki mpaka mto Kagera.

— Handaki la maili ngapi? aliuliza Yustus.

— Nimekwambia handaki, sikukwambia maili.

— Kweli, ukitega sikio pale unasikia viboko.

Kahigi hakucheka. Mwezi wa Januari, bei ya kahawa ilipopanda, alizoa nyasi zote zilizofunika udongo wa migomba yake, akazihamishia kwenye mibuni. Rwezaura alipita akasema, "Ndugu yangu, unaivua migomba nguo." Kahigi akamjibu ashughulike na yake, tangu hapo hakukanyaga kwake. Laiti Rwezaura angekuwa mchawi, ingekuwa nafuu.

Kijana mmoja akashuka kwenye baiskeli.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Naitwa Gaudiosus, mshenga kutoka Nyakakika, nimewatangulia wageni wa kesho. Nimepita shamba moja huko juu, migomba mibichi kabisa, chini ya nyasi udongo una unyevu mpaka leo. Ndilo la mzee Kahigi?

Egbert akachunguza kucha zake. Yustus akakohoa.

— Ndilo, alisema Kahigi. Mimi ndiye Kahigi.

— Binti amelelewa penye chakula! Basi nioneshe njia, baba, nikapumzike.

Kahigi akasimama, akamwongoza kwenye njia ya kilimani. Kule juu Rwezaura alikuwa ametoka uani. Alipowaona wanaelekea kwake, aliinua mkono kuwakaribisha.