Kiti cha Eladio Kichanjwe Kuni

Zimeni kwanza hiyo televisheni, wanangu, maana sina pumzi ya kushindana na watu wanaopiga kelele ndani ya sanduku. Kisha sogeeni mnisikilize, akili yangu ingali yangu.

Mnamkumbuka kaka yangu Saturnino. Akiwa na miaka themanini na tisa alipanda farasi bila kushikwa, akala maharage na mkate wa mahindi ya kusaga nyumbani, akamjua kila ng'ombe wa hapa Nicoya kwa jina lake na la mamaye. Binti zake wakamhurumia, huruma gani ile, ptu! Wakampeleka mjini San José apumzike. Wakamketisha, wakamjaza soda na biskuti kama nguruwe wa Krismasi, na haikupita miaka miwili akamwita binti yake mkubwa Lucera. Lucera ni ng'ombe tuliyemchinja mwaka wa mafuriko. Daktari akasema eti mtu akishinda na sukari na miguu ikalala, ubongo nao husinzia. Nikamwuliza, "Baba, umesoma miaka mingapi kujua anachojua punda?"

Nawe Eladio, mtoto pekee niliyemzaa kwa tumbo langu, hukujifunza. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Wewe ukatia soda. Jiwe langu la kusagia ukaliwekea makopo ya maua, ukaniletea kiti cha mbao chenye godoro, na nilipokikataa ukakikalia mwenyewe hadi kikachukua umbo la makalio yako. Una miaka hamsini na mbili, na asubuhi hii umeniuliza mara tatu leo ni siku gani. Kinyaa hiki hakiniachi nife vizuri.

Basi, shamba mnalotaka kuliuza haliuzwi. Shamba na jiwe ni vya mkeo Yorleny, mnayemwita mtu wa kuja, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeamka alfajiri kuchemsha mahindi kwa majivu yatoke maganda. Na wewe Yorleny usilie, utatia chumvi chakula. Eladio, nakuachia panga langu. Anza na hicho kiti: ukichanje mwenyewe, jasho likutoke, maharage ya matanga yangu yaivie kwa kuni zake. Atakayeleta soda, mfukuzeni.

Ngoja... nipumue. Sogea, mwanangu. Mungu akupe njaa ya kweli na miguu iliyochoka, na siku utakapolala hapa nilipolala... watoto wako uwaite... kwa majina yao. Leo ni Alhamisi, Eladio. Alhamisi. Haya... lishike panga.