Mama Kijiko na Migongo ya Watu Wengine

Ndugu na majirani, tunamsindikiza mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kijiko. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa tatu wa fundi seremala. Alimaliza darasa la saba mwaka 1978, na baadaye akapata mafunzo ya uhudumu wa afya.

Mwaka 1984 aliajiriwa hospitali ya wilaya, kitengo cha viungo. Huko alijifunza kukwangua migongo inayouma: alipaka mafuta, kisha akapitisha ukingo wa kijiko cha supu juu ya misuli iliyokaza mpaka ngozi ipate wekundu. Hakumwahidi mtu kupona. Alisema kazi yake ni kulegeza, na aliyesikia ganzi miguuni alimrudisha kwa daktari.

Fundi cherehani mmoja alipata nafuu baada ya wiki tatu, lakini aliendelea kuja kwa miezi mitano. Walifunga ndoa tarehe 9 Juni 1990, wakajaliwa watoto watatu. Baba alimwonea wivu kila mgonjwa. "Migongo ya watu unaijua kuliko uso wangu," alilalamika mezani. Mama akamjibu, "Basi geuka."

Wivu huo ulirithiwa na kitindamimba, anayewasomea wasifu huu. Alisomea tiba ya viungo chuo kikuu ili naye siku moja akabidhiwe kijiko. Agosti 2024 Mama aliugua moyo, na kulala sana kukamkaza mgongo. Aliyemwita amkwangue ni mkamwana wake, muuza mboga. Kitindamimba alisimama mlangoni na shahada yake, roho ikimuuma. Alipouliza sababu, Mama alisema, "Wewe mwanangu unakwangua kama unajibu mtihani. Mwenzako ananisikiliza."

Asubuhi ya tarehe 2 Februari 2025, alimwambia kitindamimba alale kifudifudi. Hakuwahi kumkwangua, kwa kuwa mtoto huyo hakuwahi kuumwa mgongo. Kijiko kilishuka taratibu mara tatu, kikasimama chini ya bega la kushoto.

"Hapa pamekaza," alisema. "Wivu huu. Ukikuta pamekaza hivi, usikimbilie kukwangua. Ngoja kwanza."

Akangoja, mkono wake ukiwa hapo hapo, mpaka mahali pale pakalegea.

Alifariki kesho yake, saa nane mchana.

Ameacha mume, watoto watatu, mkamwana na wajukuu wanne. Kijiko kiko kwa mkamwana, na kitindamimba bado anakionea wivu, ila sasa anajua kungoja.

Mama, lala kwa amani, mgongo ukiwa umelegea.