Filimbi ya Glenys Harrop Katika Saa ya Sala

Ijumaa ya tarehe 29 Novemba, Glenys Harrop anastaafu baada ya kuitumikia Huduma ya Michezo ya kanisa letu hapa Apia kwa miaka thelathini na minne. Alikuja kutoka Australia kucheza mpira wa pete kwa wiki mbili. Hesabu, tuseme ukweli, hazikuwahi kumpenda.

Tangu hapo ameongoza timu zetu hadi Tonga na Fiji, na kila alikomwaga jasho ameacha marafiki. Waamuzi wote wanamjua. Huwafokea mechi nzima, kisha huwaalika chakula, na kabla hawajaondoka huwauliza kama wana mtu wa kusali naye. Wengi walifuata palusami yake, majani ya kupikwa kwa tui la nazi, wakabaki na Injili.

Lakini wasifu huu hautakuwa wa kweli bila Saleuta, kijiji chetu kule kisiwani Savai'i, ambako alianza vibaya kuliko mtumishi yeyote ninayemfahamu.

Katika ziara ile ya kwanza alilala nyumbani kwa Losa Tuimavave, mfungaji wetu hodari, rika lake. Mchana walicheza na kutaniana hadi mbavu zikauma. Jioni, baragumu la kombe la baharini lilipolia na kijiji kizima kuketi kwa sala, Losa alikaa kando, kinywa kimefumbwa. Dada yake Tiresa, aliyecheza naye tangu utotoni, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kuzikwa mbele ya nyumba, kando ya kiwanja. Tangu mazishi Losa hakusali tena. Glenys alitamani mno rafiki yake amrudie Mungu, na ziara ilikuwa inakwisha.

Jioni moja, katikati ya sala, mpira ukaanza kudunda kiwanjani. Du. Du. Du. Wenyeji tuliinamisha vichwa zaidi. Tulikuwa tumeuzoea, na hatukuwa tukiuzungumzia. Glenys alidhani ni mchezaji mwenzake anayewaaibisha. Akainuka, jambo ambalo kwetu hata mchungaji hathubutu saa hiyo, akaenda hadi kiwanjani na kupuliza filimbi ya mazoezi iliyokuwa shingoni mwake kwa nguvu zake zote.

"Nani huko? Hebu ingia ndani, huna adabu!"

Hapakuwa na mtu. Mpira ulikuwa ndani ya mfuko, na mfuko umefungwa kamba. Mdundo ulikoma palepale. Vijana wanaolinda saa ya sala, ambao humkemea hata mzee akipita barabarani, walisimama mbali, fimbo mikononi, na hakuna aliyesogea.

Losa ndiye aliyemfuata.

"Umefanya nini, Glenys? Huyo alikuwa anakuja kwangu kila jioni."

"Nisamehe, dada. Sikujua."

"Hukujua, lakini kupuliza ulijua!"

Jioni iliyofuata hakikusikika kitu, wala iliyofuata hiyo. Timu ikapanda ndege. Glenys akabaki, bila ruhusa ya kocha wake wala ya mama yake. Kila jioni aliketi karibu na Losa, bila Biblia mkononi na bila neno, wote wawili wakisikiliza kimya alichokileta yeye. Sisi majirani tulikiogopa kimya kile kuliko tulivyowahi kuuogopa mpira.

Mwezi ulikuwa umepita Losa alipofungua kinywa katikati ya sala, sauti imekwaruza.

"Bwana, Tiresa umemchukua. Huyu mjinga amebaki kwa ajili yangu. Usimchukue na yeye."

Mama yake alilia kwa sauti. Glenys huwaambia wachezaji wapya kwamba yeye hakuhubiri chochote Saleuta, alikosea tu, kisha akakataa kuondoka.

Sasa anahamia huko. Losa, ambaye siku hizi ni shemasi, amekwisha kumwonyesha mahali pake pa kuzikwa mbele ya nyumba, ubavuni mwa Tiresa. Mgeni hapewi heshima kubwa kuliko hiyo. Glenys alitutangazia habari hizo ofisini huku akila keki, nasi tusijue tumpongeze au tumpe pole. Losa, alisema, amempa sharti moja tu:

"Ukitangulia wewe, uje jioni. Nitakuwa nasikiliza."

Asante kwa yote, Glenys. Tunakutakia afya, amani na miaka mingi ya maisha mema huko Saleuta. Sharti hilo, tafadhali, usiwe na haraka nalo.