Mchawi wa Kwenye Filamu Anaomba Kurudi Nyumbani

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Ndugu Hilali, Mwenyekiti wa kijiji. Wasanii wenzangu wa Kasulu na Kibondo. Ndugu wageni waalikwa, mliokuja kwa mapenzi na mliokuja kwa pilau:

Tumekutana kumuaga Mzee Reverien Mpawenimana, anayestaafu uigizaji. Nimeombwa niseme maneno machache na ya kupendeza. Kwenye uchache nitajitahidi.

Mzee huyu alianzia Kibondo, katika kikundi chetu cha maigizo ya afya, akiwa mbu. Ndiyo, mbu. Tulizunguka vijijini hadi Mabamba tukihimiza watu walale kwenye chandarua, naye akivaa mabawa ya nailoni na kuuma watu jukwaani kwa bidii ambayo mbu halisi angeionea wivu. Watoto wakamfukuza kwa kandambili. Alirudi anahema, akaniambia, "Mwalimu, wameniamini."

Kisha wakaja watengeneza filamu kutoka Dar es Salaam. Wakaziona nyusi zile, wakasema adui amepatikana. Tangu hapo ameibia yatima, amefukuza wajane, amemuuza kaka yake wa tumbo moja. Steringi, shujaa wa filamu zile, alikuwa kijana mwenye meno meupe ambaye hakuweza kulia mpaka asogezewe kitunguu, na tuzo akapewa yeye. Nauliza: bila adui, steringi angempiga nani? Wanaogawa tuzo hugawa kwa urembo, halafu wanashangaa filamu zetu zinafanana kama matofali ya tanuri moja. Tuzo pekee ya Mpawenimana ni kofi alilopigwa sokoni Mabamba na mama mmoja aliyemwona kwenye video ya kibanda umiza akidhulumu shamba la yatima. Alirudi nalo nyumbani, akilipapasa shavuni kama medali.

Halafu akaigiza mchawi. Aliigiza vizuri mno, na hapo ndipo kazi ilipomgeukia.

Mnakumbuka lambalamba, wale wanaozunguka wakijidai kufichua wachawi, walipofika kijijini kwake, njia ya Nyakitonto. Mkutano ukaitishwa. Walipouliza nani anashukiwa, vijana wakajibu kwamba ramli haina haja, ushahidi umo kwenye simu. Wakaonyesha pale mzee anapopaa na ungo. Mheshimiwa Diwani, tulikupigia siku hiyo. Simu yako, kama ilivyo desturi yake penye shida, haikupatikana.

Mpawenimana akajitetea. Akaeleza kuwa ungo ulining'inizwa kwa kamba, mifupa ilikuwa ya mbuzi kutoka buchani, na kile kicheko cha kutisha ni mazoezi tu. Mmoja akamwambia, haya, kicheke tukisikie. Ndugu zangu, msanii wa kweli hakatai jukwaa. Akakicheka. Nusu ya mkutano ikakimbia, na nusu iliyobaki ikaokota mawe.

Ndipo mkewe, Mama Immakulata, akatokea shambani, jembe begani. Akauliza filamu yenyewe inaishaje. Wakamwambia mchawi anapigwa na radi, anakufa.

"Anakufa kabisa?"

Kabisa, wakajibu.

"Basi mimi ni mjane tangu mwaka jana. Nani kati yenu alileta hata kisado cha maharage msibani? Kama hamkumzika, wekeni mawe chini."

Wakayaweka. Lakini kuachwa hai si kukubaliwa. Tangu siku ile hapewi mkono kijijini. Kwenye pombe ya ndizi hutengewa kikombe chake, pembeni. Amehamia chumba cha kupanga hapa mjini, mkewe anapalilia kahawa peke yake. Sasa anastaafu ili arudi kwenye shamba lake, na mpaka naongea hapa hajui kama atapokelewa.

Hasira yangu ni hii. Mliamini uchawi wake. Mbona hamkuamini kifo chake? Na yule steringi aliyeokoa kijiji kizima kwenye filamu hiyo hiyo, mbona hamkumwita aje awachimbie kisima? Ubaya mnautoa kibandani mnakwenda nao nyumbani. Wema mnauacha huko na maganda ya karanga.

Ndugu Hilali, mkutano ule uliuitisha wewe. Sikuombi hotuba, yangu inatosha. Nakuomba usimame umpe mkono, mbele ya wanakijiji wako waliojaa nyuma yako. Vijana, toeni zile simu. Huu nao ni ushahidi.

Anasimama. Taratibu, Mwenyekiti. Usiufute mkono kwanza. Mzee Mpawenimana, nakusihi, usicheke.

Naam. Mmeona wenyewe: ni mkono wa mtu, na una jasho. Na naona foleni inajipanga nyuma ya Mwenyekiti. Msisukumane.

Mheshimiwa, ndugu zangu, nawashukuru kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu. Mama Immakulata, msiba wako umekwisha. Mchukue mumeo, mwende nyumbani.