Delfina wa Wino wa Pweza

Padri, wazee wetu, jamaa wa Pundanhar na wa Palma, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yetu kwa kadiri tunavyoyajua.

Delfina Eusébio alizaliwa tarehe 11 Agosti 1986 huko Pundanhar, mtoto wa tatu wa mzee Eusébio na mama Fernanda, wakulima walioteremka kutoka nyanda za juu za Mueda, na tangu utotoni alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Alianza shule ya msingi hapo hapo Pundanhar mwaka 1993, akamaliza darasa la kumi Palma mwaka 2004, kisha akaenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kusomea ualimu, na huko, katika kwaya ya parokia, ndiko alikoshika gitaa la umeme kwa mara ya kwanza, akalipenda hasa siku spika ilipopasuka na sauti ikaanza kukwaruza, jambo ambalo wanakwaya wenzake waliliona hasara.

Mwaka 2008 alipangiwa kufundisha shule ya msingi hapa Palma, na kazi ya ualimu akaifanya mpaka ugonjwa ulipomzuia. Mwaka 2011, pamoja na Tarique, fundi magari aliyejifunza kupiga ngoma kwenye mapipa ya oili, na Amido, mchuuzi wa samaki aliyeshika gitaa la besi, alianzisha bendi ya Wino wa Pweza ndani ya gereji ya Tarique. Walipiga roki nzito, nyimbo ndefu, gitaa likivuma na kuzunguka mpaka msikilizaji asijue limetokea upande gani, muziki ambao vijana wa Pemba waliuita saikedeliki na mama yetu akauita kichwa kuuma. Gereji ilikuwa jirani na msikiti, na mzee Assane, baba yake Tarique, alikwenda siku moja, akakaa mpaka wimbo ukaisha, akasema, "Siwakatazi, wanangu, ila msingoje adhana ndipo mzime, zimeni mapema mkae kimya kama watu wengine." Hivyo ndivyo walivyofanya miaka yote.

Tarehe 14 Septemba 2013 Delfina alifunga ndoa na Zeca, fundi umeme, katika kanisa la Palma, nao wakajaliwa watoto wawili, Tânia, aliyezaliwa 2014, na Délcio, aliyezaliwa 2018.

Bendi haikuwahi kuwa chini ya kampuni yoyote. Nyimbo zao za kwanza zilirekodiwa kwa simu, zikapita kutoka simu hadi simu mpaka Quiterajo upande mmoja na Mtwara upande wa pili, na albamu yao, Maji ya Chini, ilitoka 2016. Mtu mmoja alikuja kutoka Maputo akitaka wapunguze kelele na wamwache Tarique, Delfina akampikia chakula, akamsindikiza hadi kwenye gari, na habari hiyo ikaishia hapo.

Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, Delfina alitembea porini na watoto wake mpaka akapata njia ya kufika Pemba, Tarique akafika kwa mashua, na Amido, aliyerudi nyuma kumtafuta mama yake, hakuonekana tena, ingawa mama alifika salama kwa njia nyingine. Mwaka uliofuata Tarique alimleta kijana wa kupiga besi, na Delfina akachomoa waya wa gitaa lake, akasema, "Amido hajafa, amechelewa tu," akaondoka, na wale wawili, waliokuwa kama ndugu wa tumbo moja, hawakusemezana zaidi ya mwaka mzima.

Aliyewarudisha ni Zubaida, mdogo wake Amido, ambaye alibisha hodi kwa Delfina na kusema, "Dada, mama anataka kusikia nyimbo za kaka, na bila besi hazijai. Nifundishe." Delfina akamwambia aingie ndani. Akamfundisha miezi mingi, kwa ukali, kama alivyofundisha darasani, na Novemba 2023 walipiga pamoja Pemba, Tarique akiwa kwenye ngoma, mama yake Amido akiwa amekaa kiti cha mbele, ushungi kichwani, mikono mapajani, mpaka wimbo wa mwisho.

Mwaka 2024 walirudi Palma, wakaezeka upya gereji na kuanza albamu ya pili. Mwishoni mwa mwaka huo Delfina alianza kuumwa, akabainika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, akatibiwa Pemba na baadaye Nampula. Februari 2025 mama yake Amido alifanya kisomo cha kumwombea mwanawe kama marehemu, na Delfina, aliyekuwa hawezi tena kusimama kwa muda mrefu, alihudhuria, akakaa na wanawake wa nyumba ile mpaka shughuli ikaisha, kisha akampigia simu Tarique na kumwambia kwamba kwenye albamu aandikwe Zubaida, mpiga besi. Delfina alifariki tarehe 19 Juni 2025 nyumbani kwake, mumewe na watoto wakiwa pembeni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Pemba na Nampula, walimu wenzake, majirani waliopika na kuchota maji, mzee Assane na waumini wa msikiti waliotusaidia kuchimba kaburi, na wanabendi wenzake. Marehemu aliagiza kwamba hapa makaburini isipigwe ala yoyote, na kwamba mazoezi ya Jumamosi yasiahirishwe. Basi yatakuwepo, gerejini, baada ya alasiri, na Tânia amesema atakuja na gitaa.

Pumzika, dada yetu, amani ikae nawe.