Mama Lusia Kalinga na Drili Iliyoyumba

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Lusia Kalinga anavua aproni baada ya kuitumikia Karakana ya Vinubhai na Wanawe kwa miaka thelathini na mitatu. Amefanya kazi Mbeya na Iringa, chini ya baba na kisha mwana, na muda wote huo mashine yake imekuwa moja: drili kubwa ya kusimama ambayo Mzee Vinubhai anasema ilikuwa kuukuu tayari siku alipoinunua.

Mama Lusia alizaliwa Kilolo. Alikwenda Mbeya kumsaidia dada yake kulea mtoto, akaomba kazi ya kufagia chembe za chuma katika karakana ya jirani. Mama Nirmala, mke wa Mzee Vinubhai, aliona kwamba kona nyingine zinabaki chafu lakini sakafu kwenye drili inang'aa. Alimwambia mumewe kwamba binti huyu ama ni mvivu ama anataka kujifunza, na ni afadhali wajue mapema. Wakampa chuma chakavu na biti butu ya kutobolea. Mwaka uliofuata ufagio ulipata mtu mwingine.

Tawi la Mbeya lilipofungwa, alihamia Iringa pamoja na drili. Alikataa kukaa mbele na dereva. Alipanda nyuma ya lori, akapita baridi ya Makambako na Mafinga akiwa ameiegemea mashine, asije mtu akaifunga kamba vibaya njiani. Alifika na mafua ya wiki nzima. Mashine ilifika salama.

Fundi Filemoni wa kuchomelea, siku yake ya kwanza hapa, alimwita "fundi mwanamke". Mama Lusia alimjibu kwamba tundu halijui limetobolewa na nani. Tangu hapo wawili hao wametaniana kila siku ya kazi, na wateja wengine tunaamini huja kuwasikiliza tu.

Ila mwaka wake huu wa mwisho ulianza vibaya. Matundu yalikuwa yakitoka mapana, boliti zikicheza ndani. Puli za mashine ya mpunga za mteja wetu wa Rujewa zilirudishwa zote, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kumpata. Alinunua miwani mipya. Aliacha kahawa. Karan, mwana wa Mzee Vinubhai ambaye sasa ndiye anayeongoza karakana, kwa moyo mwema alimhamishia kaunta ya mbele kuuza nati, ili apumzike kidogo. Kwa mtu wa kazi za mikono, neno hilo "pumzika" ni zito. Mwezi Mei alimwomba Karan ruhusa ya kuondoka kabla ya tarehe yake, kwa kuwa mikono imechoka. Hakuna aliyembishia, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Kabla ya kuondoka aliomba atoboe chuma kimoja cha mwisho. Biti ikatangatanga tena.

"Mmeona?" alisema. "Ni mkono."

"Mkono, mkono, kila siku mkono," Filemoni akasema. "Hebu uweke mfukoni, mama, tuone leo mashine itamsingizia nani."

Watu walicheka. Mama Lusia hakucheka. Alizima drili, akatoa mkanda, akafunga fimbo nyoofu ya chuma mahali pa biti. Akasimamisha sindano kwenye meza ya mashine, ikaigusa kidogo ile fimbo. Kisha akaingiza mikono yote miwili katika mifuko ya aproni na kumwambia Filemoni azungushe puli kwa mkono, taratibu. Fimbo ikaiacha sindano, ikairudia. Ikaiacha, ikairudia.

"Tena," alisema.

"Nazungusha, mama."

"Tena, Filemoni."

Mashine ilikuwa inayumba, na yeye hajaigusa.

Kuanzia hapo alifanya kazi kama tulivyozoea kumwona. Aliisukuma shafti huku na huku, beringi hazikucheza. Aliviringisha fimbo juu ya kioo, ilikuwa nyoofu. Akaing'oa chaki, ile sehemu inayoikaba biti, akaigeuza nusu mzunguko na kuirudisha. Kama ubovu ungekuwa kwenye chaki, upande wa kuyumba ungehama nayo. Haukuhama. Basi ubovu ulikuwa juu, ndani ya tundu la shafti ambamo chaki hukaa. Alipitisha kidole humo, kikakwama kwenye kitu kigumu kidogo kama dengu. Alikikwangua kwa kijiti, maana chuma kingechubua, kikadondoka kiganjani mwake. Kilikuwa tone la rangi ya kijani.

Kwa wageni wetu wa leo: kila mwaka kabla ya Dasara, sikukuu ya Wahindu, mashine zetu huoshwa, hupakwa rangi na kuvishwa maua, na siku yenyewe haziwashwi. Mwaka jana Karan, kwa kuiheshimu drili ya baba yake, aliing'oa kabisa chaki ili apulizie rangi kila pembe. Tone moja likaingia lisipotakiwa, likakauka, na chaki haikukaa sawa tena.

Wote tulimgeukia Karan.

"Mama Lusia, nisamehe," alisema. "Ni mimi."

Mzee Vinubhai, aliyekuwa kwenye kiti chake mlangoni, alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, tulikuambia uipake rangi. Wewe umeilisha."

Mama Lusia alikaa juu ya kreti, akashusha pumzi ndefu, akaomba kahawa. "Na mikono yangu nilikuwa naisingizia bure," alisema. Filemoni alikwenda kuinunua mwenyewe, jambo ambalo wazee wa karakana hawakumbuki kuliona.

Jioni hiyohiyo drili ilizunguka bila kuyumba. Puli za Rujewa alizirudia zote yeye mwenyewe, na mteja alipokuja alisukuma boliti kwa kidole gumba, ikaingia imekaza. Akapakia mzigo wake wote. Maombi ya kuondoka mapema Mama Lusia aliyafuta, na mpaka wiki hii amekuwa kwenye drili yake, akimfundisha Ezron anayeirithi. Ezron anasema anamwogopa kidogo. Sisi tunaona ndivyo inavyofaa.

Mama Lusia, tunakushukuru kwa kila tundu lililonyooka na kwa kila utani. Unaondoka kwa sababu tarehe yako imefika, si kwa sababu nyingine, na mikono yako unakwenda nayo Kilolo ikiwa mizima. Mungu akupe huko siku nyingi, viazi vingi, na asubuhi za kulala mpaka jua litoke.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote,
Lea, kaunta ya mbele