Mshipa wa Tumbo Uliomwondoa Papa Jérôme

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamlilia Papa Jérôme, kapita, msimamizi wa wabeba mizigo pale bandarini. Amefariki Jumanne, hapa Kalemie, akiwa na miaka sitini na sita.

Papa Jérôme alizaliwa Zongwe. Alianza tumbaku angali kijana, akivuta nyavu kwenye baridi ya asubuhi. Hakuacha tena. Hata akiwatania wabebaji wake, sigara ilikuwa mdomoni.

Siku moja mkewe, Mama Séraphine, alikuwa akimkanda mgongo uliomsumbua tangu masika. Alipomgeuza, mkono ukatua juu ya kitovu. Kitu kilikuwa kinapiga humo ndani kama moyo.

"Papa, hii ni nini? Inapiga sawa roho."

"Ni minyoo," akajibu. "Acha."

Mama hakuacha. Alimkokota hadi hospitali. Daktari aligusa tumbo polepole, akapima presha, akaikuta juu. Kisha akawaeleza. Mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka moyoni umelegea, umevimba kama mpira wa baiskeli uliochakaa. Tumbaku ya miaka mingi hula ukuta wake. Presha huusukuma. Umri huuchosha. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanaume, na wengine huzaliwa na udhaifu huo katika ukoo.

Papa Jérôme akamkumbuka baba yake, aliyeshika mgongo shambani, akaanguka, akafa kabla jua halijazama. Zongwe nzima ilisema amerogwa.

"Mushipa ukipasuka, hatutawahi," daktari alisema. "Operesheni inafanyika Lubumbashi."

Wasikilizaji, hali ya treni yetu mnaijua. Mama Séraphine alifunga mizigo, wakaenda gare, kituo cha treni. Treni haikuja. Wakarudi nyumbani, wakaenda tena. Papa alikuwa ameacha sigara tangu siku ile ya daktari. Hakugusa hata moja.

"Nimechelewa, Mama?" aliuliza.

Mama akabeba mizigo, wakaelekea gare tena.

Jumanne, maumivu yakamchoma mgongoni kama kisu. Jasho baridi likamtoka. Alishika kitenge cha mkewe, akaanguka palepale gare, kati ya vifurushi vya watu waliongoja treni ile ile. Hakuzinduka.

Jana mdogo wake, Papa Eugène, naye mvutaji, alikubali kwenda kupimwa. Mama Séraphine, macho yamevimba kwa kilio, alimsindikiza. Daktari akagusa tumbo, mkono ukasimama juu ya kitovu. Mama akaelewa kabla hajaambiwa.

"Dokta," akasema, "huyu naye tumupitishe wapi mpaka Lubumbashi?"

Mama Séraphine, watoto, jamaa wote wa Zongwe: tunalia pamoja nanyi. Mungu ampokee Papa Jérôme. Nanyi wababa mnaonisikiliza na sigara mkononi, izimeni. Ambaye baba au kaka yake alianguka ghafla namna hii, asitafute mchawi, aende apimwe. Na mwenye njia yoyote ya kumfikisha mgonjwa Lubumbashi, apite nyumbani kwa Mama Séraphine. Papa Eugène yungali hai.